Je, Wajua? Mgongo wa Mama, Mikono ya Watu 14

Sogea hapa benchini, ndugu msomaji wa Mudaka, magari ya Kavumu yapite kwanza na vumbi lao. Leo habari ni ya mtoto. Si homa yake wala daftari lake, ni moyo wake: furaha, woga, kilio na mapenzi. Kuna wanasaikolojia waliomaliza maisha yao yote wakiuchunguza moyo huo, na utashangaa ni mara ngapi walikuja huku kwetu kuutafuta.

Je, wajua kwamba elimu inayoeleza kwa nini mtoto humng'ang'ania mama yake ilipikwa Uganda? Mwaka 1954 Mary Ainsworth, Mmarekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi Makerere. Hakukaa akanywa chai. Alijifunza Kiganda, akaingia vijijini, akachagua familia 26 zenye watoto wadogo 28.

Unadhani alipita mara moja na karatasi ya maswali? Wapi! Kila baada ya wiki mbili alirudi nyumba ileile, akakaa saa mbili nzima, kwa muda uliofika hadi miezi tisa. Shukrani yake kwa akina mama ilikuwa maziwa ya unga kwa bei ya jumla na usafiri wa bure wa kwenda kliniki. Huo ndio utafiti wa kukaa chini, si wa kupitia dirishani.

Shika na hii. Siku zile wasomi wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa ajili ya titi tu, basi. Ainsworth mwenyewe alifika Uganda akiamini hivyo, na watoto wa Kiganda wakamnyang'anya imani hiyo kwa magoti yao. Aliwaona wakitambaa mbali na mama kwenda kuchokora vitu, wakigeuka kumwangalia, wakirudi kumgusa, kisha hao wanaondoka tena. Mama hakuwa chakula tu. Alikuwa mahali pa kuanzia safari na mahali pa kurudia.

Na wajua mtoto wa Kiganda alimpokeaje mama anayerudi nyumbani? Kwa makofi! Baadaye Ainsworth alipowatazama watoto wa Marekani, aliona wao hukumbatia na kubusu. Mapenzi ni yaleyale, salamu ndiyo tofauti.

Haya, hesabu. Kati ya watoto 28, aliona 16 waliotulia na kumwamini mama, 7 wenye wasiwasi wa kulialia hata mama akiwepo, na 5 ambao bado hawakuonyesha kushikamana na mtu yeyote kwa namna ya pekee. Sasa nikuulize: mama wa wale 16 walikuwa na nini? Si mali. Walikuwa wale ambao ukiwauliza swali moja kuhusu mtoto, wanakujibu kumi: analala hivi, anakasirika vile, jana kafanya kituko gani. Na waliofurahia kunyonyesha walikuwa na watoto watulivu zaidi.

Kutoka huko Ainsworth akaenda Baltimore, Marekani, akatunga jaribio la dakika kama 20 la kupima jinsi mtoto anavyomwamini mama, ambalo leo linajulikana duniani kote. Mtoto wa mwaka mmoja anawekwa katika chumba kigeni, mama anatoka, mama anarudi. Wengi hudhani jibu liko kwenye kilio cha mtoto mama anapotoka. Hapana! Jibu liko pale anaporudi: je, mtoto anamkimbilia na kutulia, au anageuza uso? Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967, na wanafunzi wa saikolojia wa London hadi Tokyo bado wanafundishwa yaliyoanzia kwenye mikeka ya Buganda.

Vuka kidogo uingie Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Charles Super alikaa katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis. Aligundua watoto wa huko hukaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Damu tofauti? Hata! Akina mama waliwafundisha: walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamkalisha mtoto ndani, ardhi imshike kiuno. Na kutambaa je, ambako hakuna aliyewafundisha sana? Huko hawakuwazidi Wamarekani hata kidogo.

Sasa tulia, maana tunarudi Kongo, tena kwenye msitu wa Ituri. Je, wajua kwamba mtoto mchanga wa Waefe, wale wawindaji wa msituni, alibebwa na watu 14 tofauti kwa wastani? Mwaka 1987 Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn waliandika walichokiona huko. Akiwa na wiki 3, mtoto alitumia asilimia 39 ya muda wake mikononi mwa watu wasio mama yake. Akifika wiki 18 ilikuwa asilimia 60!

Subiri, haijaisha. Wanawake wengine wa kambi walimnyonyesha pia. Mtoto alilia, na yeyote aliye karibu alimpokea: shangazi, bibi, dada, jirani. Na bado alijua vizuri mama yake ni nani. Kama umelelewa katika lupango lenye wake wa wajomba wanne, nadhani hapa unacheka kimya.

Huyo Tronick wa Ituri ndiye yuleyule wa uso uliogandishwa. Hulijui hilo jaribio? Ni la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, wanachekeana, kisha mama anaambiwa agandishe uso kabisa, asicheke, asinune, asijibu. Mtoto anatabasamu kumwamsha. Anapiga kelele. Ananyoosha mikono. Ndani ya dakika 2 au 3 ameshakata tamaa na kugeuka pembeni, au analia. Dakika 3 tu, ndugu yangu! Fikiria simu ya mkononi inavyogandisha nyuso zetu sisi wakubwa.

Lakini usijilaumu haraka, mama. Tronick huyohuyo alipima ni mara ngapi mama na mtoto huwa wanaelewana sawasawa wanapocheza. Alipata karibu asilimia 30 ya muda tu. Ile 70 iliyobaki ni kukosana na kupatana, kukosana na kupatana, na hao ni mama wazuri, wenye watoto wenye afya.

Tuje kwenye kikwembe cha kumbebea mtoto. Mwaka 1986 madaktari wa Kanada, Hunziker na Barr, waliwaomba wazazi wawabebe watoto saa 3 zaidi kila siku, hata wasipolia. Watoto wakiwa na wiki 6, kilio kilipungua kwa asilimia 43. Bibi yako angewaambia bure, bila hata kuandika ripoti.

Je, wajua dawa ya mtoto anayelia usiku ina dakika zake? Watafiti wa Japani walipima mapigo ya moyo ya watoto 21 na kutangaza matokeo mwaka 2022. Mbebe mtembee dakika 5 bila kusimama, kisha kaa naye dakika nyingine 5 hadi 8, ndipo umlaze. Ukimlaza mara tu anaposinzia, moyo wake unajua, naye anafumbua macho kukutazama kama askari wa doria.

Na kilio chenyewe kina lafudhi! Mwaka 2009 Kathleen Wermke na wenzake walirekodi vilio vya vichanga 60 wenye siku 3 hadi 5. Wafaransa walilia sauti ikipanda, Wajerumani walilia sauti ikishuka, kama wazazi wao wanavyoongea. Baadaye wakasikiliza vichanga vya Wanso wa Kamerun, ambao lugha yao hupandisha na kushusha sauti ili kubadilisha maana, na vilio vyao viliimba zaidi kuliko vya Wajerumani. Mashi nayo hucheza na sauti hivyohivyo. Usiku wa leo mtegee sikio mtoto wa jirani.

Ukimsikia amenyamaza ghafla, huenda amesikia sauti anayoijua. Mwaka 1980 iligunduliwa kwamba kichanga chenye siku chache tu hubadilisha namna yake ya kunyonya ili apigiwe sauti ya mama yake badala ya ya mwanamke mwingine. Hajaliona jua wiki nzima, na tayari ana upendeleo.

Hao Wanso wana maajabu mengine, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Unajua lile jaribio la kumwekea mtoto kitamu mezani na kumwambia, "Usipokila nikirudi, nitakupa cha pili"? Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao waliwapa watoto wa miaka 4 wa Ujerumani peremende, na wa Kamerun wakawapa mandazi ya kwao, wakaondoka dakika 10. Watoto wa Kijerumani waliovumilia ni karibu 30 kati ya 100. Wa Kinso? Karibu 70 kati ya 100! Wajerumani walijikunyatakunyata, wakaimba, wakazunguka chumba. Wanso wengine walilala usingizi palepale mbele ya andazi.

Je, wajua kwamba kumpa mvulana kazi za jikoni kunaweza kumpunguzia ugomvi? Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo nchini Kenya, katika nyumba zilizokosa wasichana wa kutosha. Waliokuwa wakipika na kulea wadogo zao walikuwa wapole zaidi na wasaidizi zaidi kuliko wavulana wengine. Matokeo yalitoka 1973. Papa, mwanao anakaa wapi saa ya kupika sombe?

Sasa fungua macho, maana tunafika nyumbani kabisa. Lwiro si mbali na hapa. Hospitali yake ya watoto imetibu utapiamlo kwa miaka mingi, ile bwaki ambayo wazee wanaijua kwa miguu kuvimba na nywele kubadilika rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu na wenzao wakajiuliza: wale watoto waliopona, wako wapi leo?

Wakawatafuta! Waliwapata watu wazima 524 waliotibiwa wakiwa wadogo kati ya 1988 na 2007, wakati huo wengi wakiwa na miaka kama 22, wakawalinganisha na majirani zao 407 ambao hawakuugua. Matokeo yalitangazwa 2020. Waliougua utotoni walikuwa wamesoma kwa shida zaidi, walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na hata kujithamini kwao kulikuwa chini. Miaka 11 hadi 30 imepita, sahani tupu ya utotoni bado inaongea ndani ya mtu mzima.

Jirani na hospitali hiyo wako watoto wengine yatima, na hawa wana manyoya. Kituo cha sokwe cha Lwiro kilianza 2002, na leo kina sokwe zaidi ya 100, wengi wao walinyang'anywa mama zao na wawindaji. Mtoto wa sokwe akifika pale hapewi chakula tu. Hupewa mlezi binadamu wa kumshika na kumbeba, maana bila mtu wa kumng'ang'ania, maziwa pekee hayamfikishi mbali.

Kinshasa nako kuna Lola ya Bonobo, kituo cha bonobo yatima kilichoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Mwaka 2013 Zanna Clay na Frans de Waal waliandika walichokiona huko bonobo wakigombana. Wadogo waliolelewa na mama zao walitulia haraka baada ya kipigo, na ndio waliokwenda mbio kumkumbatia mwenzao aliyepigwa. Yatima walichelewa kutulia, na walifariji wengine kwa nadra zaidi. Aliyebembelezwa ndiye anayebembeleza, hata kama ni bonobo.

Tukigusa kipigo, pokea takwimu moja ya Tanzania, ngumu kumeza. Tobias Hecker na wenzake waliwauliza wanafunzi 409 wa shule ya msingi, wenye miaka 6 hadi 15, kama wamewahi kuchapwa. Asilimia 95 walisema ndiyo, na mwalimu. Wangapi walisema na mzazi au mlezi? Asilimia 95 vilevile! Waliochapwa kwa ukali zaidi ndio waliokuwa wakorofi zaidi. Iliandikwa 2014, na fimbo haijajibu.

Na vita je? Hapa hatuhitaji kufundishwa mlio wa masasi. Lakini je, wajua kwamba Beni ilitoa mojawapo ya habari njema kuliko zote? Mwaka 2013 Paul O'Callaghan, John McMullen na wenzao walitangaza kazi waliyofanya na wasichana 52 waliotendewa ukatili wa kingono na wavulana 50 walioguswa na vita, baadhi yao waliowahi kubeba bunduki. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 12 na 17. Dawa ilikuwa vikao 15 vya kikundi: kupumua taratibu, kujifunza kutuliza mwili, kusimulia yaliyotokea hadi mwisho. Ndoto mbaya na huzuni vilishuka sana kwa wote wawili, wasichana na wavulana, wakati walioendelea kungoja zamu yao hawakupata nafuu ya namna hiyo.

Mwaka huohuo, na hapa ni mkoa wetu. Judith Bass na wenzake walifuatilia wanawake 405 walionusurika ubakaji katika vijiji 15, vingi vya Kivu Kusini. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapahapa waliofundishwa kazi. Miezi 6 baadaye, kati ya waliokaa katika kikundi cha tiba, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Waliopewa msaada wa kawaida, mmoja mmoja: asilimia 42. Rudia kusoma namba hizo mbili. Kisha fikiria watoto waliokuwa wakiwasubiri mama hao nyumbani.

Shuleni nako, Larry Aber, mwanasaikolojia wa ukuaji kutoka New York, alishughulika na kalasi za msingi hapa Kongo. Walimu walifundishwa namna ya kuifanya kalasi iwe mahali pa usalama na upole, pamoja na kusoma na hesabu. Baada ya mwaka, watoto wenyewe walisema shule yao inawajali zaidi kuliko zamani. Na ndiyo, somo liliendelea kama kawaida.

Je, wajua nusu ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18? Ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani, na linaongeza kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la namna hiyo. Katika nchi kama yetu, ambako zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 18, hesabu hiyo ifanye mwenyewe. Mimi nimeshaifanya na kalamu ikasita.

Lakini pokea ya kufurahisha kutoka Nairobi na Kiambu. Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri: vikao 4 tu vya saa moja, shuleni, vinavyoongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Hawaongelei ugonjwa. Wanaongelea shukrani, mambo mtu anayoyathamini, na kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika. Walijaribu kwa wanafunzi 413, wakatangaza 2021: huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa tu mbinu za kusoma. Saa 4!

Mbali kabisa, kisiwa cha Kauai, Emmy Werner alifuatilia watoto wote 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, miaka na miaka, hadi wakawa watu wa makamo. Kati ya wale waliozaliwa katika umaskini, ugomvi na maradhi, theluthi moja wakawa watu wazima wema, wenye kazi na upendo. Karibu kila mmoja wao alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemjali bila kuchoka, na mara nyingi hakuwa mzazi: bibi, mwalimu, jirani.

Mwanao wa miaka 15 hataki kuamka? Usimwite mvivu kabla hujasikia hii. Wakati wa kubalehe saa ya mwili huchelewa, hata kwa saa 2, na usingizi humjia usiku mzito. Ukimgongea mlango alfajiri, kwake ni kama umemwamsha usiku wa manane.

Na ya mwisho, maana naona unatafuta nauli. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao walikuwa na busara ya kutosha. Marafiki walipowatazama, walijitia hatarini mara mbili! Wenye miaka 24 na zaidi waliendesha vilevile, wenzao wawepo wasiwepo. Kwa hiyo ukipanda pikipiki ya kwenda Bukavu, muulize motari umri wake, kisha angalia kama rafiki zake wamejipanga kando ya barabara.